Miezi mitatu iligeuka miaka tisa, na sasa pacha mmoja ni mgeni nyumbani kwangu

Shikamoo Mama Mshauri,

Naandika saa tano usiku, wote wamelala. Nina miaka 36, naishi Mwanza, nauza dagaa wa jumla pale Mwaloni. Mume wangu ni fundi wa injini za boti. Tuna watoto watatu: mapacha wa kike, Kulwa na Doto, wana miaka 11, na mdogo wao Shija, wa kiume, ana miaka 8.

Shida yangu ni Doto. Au labda shida ni mimi.

Mapacha walipokuwa na mwaka na miezi kumi nilishika mimba ya Shija. Ilikuwa mimba ya taabu, presha ikapanda, nikalazwa mara mbili. Mama yangu akaja kutoka Sengerema kuniuguza. Siku ya kuondoka akasema, "Nipe mmoja nikupunguzie mzigo, ukijifungua salama nitamrudisha." Akamchukua Doto kwa sababu hakuwa msumbufu. Alikuwa mtoto wa kukaa unapomweka, ila mgeni akimpakata alikuwa anakakamaa kama kijiti na kuangalia pembeni. Kulwa yeye alikuwa anamrukia hata konda wa daladala. Tulikubaliana miezi mitatu. Ikawa miaka tisa.

Sijitetei. Kwanza Shija alikuwa mchanga, halafu biashara ikayumba, halafu Doto akaanza shule kule na mama akasema mwache amalize mwaka. Nilikuwa nakwenda Krismasi na Pasaka, natuma hela ya sare na madaftari. Nikifika, Doto ananiamkia vizuri, ananiletea maji ya kunawa, kisha anakwenda kukaa karibu na bibi yake. Mama alikuwa ananiambia kwenye simu, "Huyu ndiye macho yangu." Nilidhani ni maneno tu ya bibi kwa mjukuu.

Mwezi wa nne mwaka huu macho yakamzidi kweli, mtoto wa jicho pande zote mbili. Kaka yangu akamhamishia kwake, hukohuko Sengerema, na mimi nikaenda kumchukua Doto. Nilifika asubuhi, mchana tukaondoka.

Sasa ni miezi saba. Kulwa ni mtoto wa kuchangamka, anajua kila jirani, anaimba kwaya ya watoto, akirudi shule nasikia sauti yake kabla hajafika mlangoni. Doto anaongea akiulizwa. Saa kumi na moja alfajiri ameshaamka anafagia uwanja, hajatumwa na mtu. Wenzake wakicheza rede yeye anakaa kizingitini na Shija, anamfundisha kusoma. Mwalimu wake anasema hana tatizo, amekuwa wa tisa kati ya 84, ila hanyooshi mkono. Kinachoniuma zaidi, hajawahi kuniita mama. Ananiita "Mama Kulwa", kama majirani.

Halafu kuna jambo la ajabu. Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoa mashuka nifue, nikakuta chini ya godoro lake kanga kuukuu ya bibi yake, imekunjwa kwenye mfuko. Ilikuwa inanuka moshi. Nikaifua pamoja na mashuka. Alipotoka shule akaiona kwenye kamba. Akasimama pale, akaishika, akainusa, akaanza kulia. Alilia mpaka akatapika. Nikamwuliza una nini, akasema "hamna kitu". Tangu siku hiyo amezidi kunyamaza.

Kila mtu ana lake. Wifi yangu anasema nimeshampoteza, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi sikulea. Anasema hata hawafanani, na kweli: Kulwa ni mweusi mrefu kama baba yake, Doto ni maji ya kunde, mfupi, ana mwanya kama wangu. Kwenye semina ya wazazi kanisani tulifundishwa hulka nne, mwalimu akaniambia Doto ni melankoli na melankoli hawabadiliki. Baba Kulwa anasema mtoto amelelewa kizee na dawa yake ni bweni, akachanganyike na wenzake atachangamka. Ameshachukua fomu ya shule moja nje ya mkoa, aanze darasa la sita Januari. Fomu inatakiwa irudi kabla mwezi huu haujaisha. Mama naye kila akipiga simu anasema, "Nirudishieni mtoto wangu."

Mimi nashindwa kuelewa. Tumbo moja, siku moja, wamepishana dakika ishirini, wanakuwaje watu wawili hivi? Ningemchukua mapema angekuwa kama Kulwa? Ni mimi nimemharibu? Bado anaweza kubadilika au nimechelewa? Nimpeleke bweni, nimrudishe, au nikae naye hivihivi?

Mama Kulwa, Mwanza


Marahaba mwanangu. Pole na mzigo huu, na pole zaidi kwa kuubeba usiku wakati wenzako wamelala.

Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote tatu nimekwama kwenye kamba ya nguo. Nitarudi hapo. Ngoja kwanza tufungue kitita chako, maana umefunga maswali mawili kwa kamba moja. La kwanza ni la nyuma: nani amemfanya Doto awe alivyo. La pili ni la mbele: Januari aende wapi. Naona jibu la lile la kwanza ndilo linataka kuamua la pili. Kama umemharibu, basi lazima atengenezwe, na bweni ndiyo gereji. Baba Kulwa ni fundi, simlaumu kwa kufikiri hivyo. Ukiwa na injini mbili za aina moja, moja inanguruma na nyingine iko kimya, utafungua ile ya kimya.

Lakini ni nani aliyesema hizi ni injini za aina moja?

Wifi yako amekupa jibu bila kujua. Mapacha wako katika makundi mawili. Wapo wa yai moja lililogawanyika, ambao vinasaba vyao ni vilevile, na kwa kawaida ndio wale hata baba anawachanganya. Na wapo wa mayai mawili, ambao wamepanga chumba kimoja kwa miezi tisa lakini kwa damu ni ndugu wa kawaida: zile tofauti za vinasaba zinazofanya mtu asiwe kama mwingine, wanachangia kwa wastani nusu yake tu. Mmoja mweusi mrefu, mwingine maji ya kunde mwenye mwanya? Sina kipimo cha maabara mbele yangu, ila kwa maelezo yako hawa ni wa mayai mawili. Maana yake Kulwa na Doto wanakaribiana kwa damu kama kila mmoja wao anavyokaribiana na Shija. Sasa jiulize, umewahi kukesha ukishangaa kwa nini Shija si kama Kulwa?

Nakwambia hivi kwa sababu umemfanya Kulwa kuwa rula ya kumpimia Doto. Unasema "angekuwa kama Kulwa?" kana kwamba Kulwa ndiye mapacha wenyewe na Doto ni nakala iliyotoka vibaya.

Kuna watu waliotumia maisha yao yote kuuliza swali lako. Mwaka 1979, huko Ohio, Marekani, wanaume wawili wa yai moja walikutana wakiwa na miaka 39. Walitenganishwa wakiwa na wiki nne, kila mmoja akalelewa na familia yake, na familia zote mbili zikampa jina la Jim bila kujuana. Walipokutana wakagundua kila mmoja alioa mwanamke aitwaye Linda, akaachana naye, akaoa mwingine aitwaye Betty. Habari hiyo ilienea mno. Profesa Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota akaanza kuwatafuta mapacha wengine waliolelewa mbalimbali, na kwa miaka ishirini hivi yeye na wenzake wakawapima zaidi ya jozi mia. Yale ya Linda na Betty mimi nayaweka kando, ni ya kuchekesha tu, hakuna kinasaba cha kuoa Betty. Kilichobaki na uzito ni kwamba pacha wa yai moja waliolelewa nyumba tofauti walifanana tabia karibu sawa na wale waliolelewa nyumba moja. Nyumba kuwa moja hakukuongeza kufanana kwao kama watu walivyotegemea.

Tafiti nyingi zilizofuata zimekuja na hesabu inayozunguka asilimia 40 hadi 50: katika kundi la watu, karibu nusu ya tofauti zao za hulka inaendana na tofauti za vinasaba. Tafadhali usichukue namba hii ukaenda nayo kwa wifi yako ukamwambia nusu ya Doto ni damu na nusu ni malezi. Haisemi hivyo. Ugali uko mezani, nani atakuonyesha sehemu iliyotokana na unga na sehemu iliyotokana na moto? Namba ile inazungumzia sufuria nyingi, kwa nini huu ni mgumu na ule laini. Na sufuria nyingi zilizopimwa ni za Ulaya na Marekani, ambako nyumba hazitofautiani kama nyumba yako ya Mwanza na ya bibi Sengerema. Kwa hiyo ichukue kama fununu nzuri, usiifanye hukumu.

Ila fununu hiyo inanipeleka kwenye mstari mmoja ulioupitia haraka. Umesema Doto akiwa mchanga mgeni akimpakata alikuwa anakakamaa na kuangalia pembeni, na Kulwa anamrukia konda. Hapo wote wawili walikuwa mgongoni kwako, ziwa moja, chumba kimoja. Bibi hajamgusa bado.

Mwaka 1956, mjini New York, madaktari wawili, mume na mke, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza kufuatilia watoto tangu uchangani. Walifikia 133, wakawafuata mpaka utu uzima. Waliona kwamba watoto huja na hulka zao mapema sana. Karibu asilimia 40 walikuwa wepesi, asilimia 10 wagumu, na asilimia 15 waliwaita wa kuzoea polepole: mbele ya jambo jipya wanarudi nyuma kwanza, wanatazama, na wakiachwa wakatazama vya kutosha wanaingia wenyewe. Waliobaki hawakuingia kwenye kapu lolote, na hilo nalo ni jambo jema kulikumbuka. Jerome Kagan wa Harvard naye aliwaonyesha watoto wa miezi minne vitu na sauti ngeni, akakuta kama mmoja kati ya watano anarusha miguu na kulia. Wengi wa hao walikuja kuwa waangalifu ukubwani mwao, ingawa wachache tu ndio walibaki na woga mkubwa.

Kwa hiyo swali lako, "ni mimi nimemharibu?" Mama yako aliondoka na mtoto aliyekwisha kuanza kuwa Doto. Hilo naweza kulisema kwa moyo mweupe. Sitakwambia kwamba kuondolewa mikononi mwa mama akiwa na miaka miwili hivi hakukumgusa. Ningekudanganya, na wewe mwenyewe usingeniamini. Lakini kuguswa si kuharibika. Alipotoka mikononi mwako hakuangukia chini, aliangukia mgongoni mwa bibi aliyebaki naye kila siku kwa miaka tisa. Watoto wengi waliobaki na mama zao hawakupata mtu wa namna hiyo.

Wale madaktari wa New York walikuwa na wazo moja ninalolipenda kuliko yote. Walisema hulka peke yake haimletei mtoto matatizo, hata iwe ngumu. Matatizo huja pale hulka na mahali anapoishi vinapokataana. Mtoto wa polepole kwa bibi wa polepole, kwenye uwanja wenye kuku na kazi inayojulikana, anakaa kama mkono kwenye mfuko. Mlete mtoto huyohuyo kwenye nyumba ya mji, mdogo wake anakimbia, pacha wake anaimba, majirani wanaingia bila hodi, na kila mtu anamwuliza "mbona huongei?" Hulka haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mfuko.

Sasa hizo hulka nne za semina. Sitaki kumkosea adabu mwalimu wenu, ila hilo jina "melankoli" ni Kigiriki cha nyongo nyeusi. Linatoka kwa matabibu wa kale, na Galen wa karne ya 2 ndiye aliyelieneza, enzi ambazo watu waliamini mwili una vimiminika vinne na kinachozidi ndicho kinachompa mtu tabia. Tiba ya nyongo nyeusi tumeiacha, jina tumebaki nalo. Wanasaikolojia wengi leo hawamtii mtu kwenye kapu, wanamwangalia kwa vipimo vitano, kila mtu na kiasi chake: uchangamfu, bidii na mpangilio, upole kwa wengine, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na udadisi wa mambo mapya. Hata hivyo vitano si msahafu. Watu wa jamii moja ya msituni Bolivia, Watsimane, walipopimwa majibu yao hayakujipanga kwa mafungu hayo. Lakini vinatusaidia kuona kwamba nyumba nzima mmekuwa mkimpima Doto kwa kipimo kimoja tu, uchangamfu. Mtoto wa miaka 11 anayeamka alfajiri bila kutumwa, anayemfundisha mdogo wake kusoma, aliyehamishwa shule katikati ya mwaka akawa wa tisa kati ya 84, kwenye vile vingine yuko wapi?

Na kwamba hawabadiliki, hapana. Watu hubadilika, polepole, na si utotoni tu. Waliofuatiliwa kwa miaka mingi huonekana kuwa watulivu na wenye kuwajibika zaidi kadiri umri unavyokwenda, na sehemu kubwa ya badiliko hilo huonekana kati ya miaka 20 na 40. Wewe mwenyewe uko humohumo. Doto hajafungwa. Ila anaweza kuja kuwa Doto mwenye kujiamini, anayenyoosha mkono mara moja kwa wiki. Hatageuka kuwa Kulwa.

Nimesema nitarudi kwenye kamba.

Mwanangu, yote niliyoandika hapo juu ni ya hulka, kitu cha miaka. Wewe unamwangalia mtoto kwa miezi saba, na miezi yenyewe ni ya namna gani? Kuna mwanasaikolojia, Walter Mischel, ambaye mwaka 1968 aliwakasirisha wenzake kwa kusema tunawahi mno kusema "huyu ndivyo alivyo" wakati tunachokiona ni mahali alipo. Sikubaliani naye kwa kila kitu, lakini kwa Doto namsikiliza.

Ulifika asubuhi, mchana mkaondoka. Miaka tisa ilifungwa kwa nusu siku. Bibi alikuwa anasema "huyu ndiye macho yangu", na sasa unajua haikuwa lugha ya mapenzi tu. Mwanamke mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili, nani alikuwa anamsomea meseji ya hela uliyotuma? Nani alikuwa anahesabu noti, anamtolea mawe kwenye mchele, anamwambia hapa kuna shimo? Doto alikuwa na kazi kubwa pale, na sidhani kama alipewa nafasi ya kuikabidhi kwa mtu. Kama ningekuwa yeye, nikiamka saa kumi na moja alfajiri, jambo la kwanza ningejiuliza ni nani amemshika bibi mkono kwenda uani leo.

Na ile kanga. Wewe uliona nguo chafu, ukafanya ambacho mama yeyote angefanya. Haukuwa ubaya. Lakini ule moshi ndio uliokuwa bibi. Kitambaa kimebaki, bibi ameondoka na maji ya sabuni. Mtoto asiyeongea alilia mpaka akatapika, na wewe umeliita jambo la ajabu. Mimi nadhani ndiyo siku pekee tangu Aprili aliyokwambia kitu. Inawezekana kimya hiki tunachokijadili kwa lugha ya hulka ni msiba, tena msiba usio na matanga, kwa sababu anayeliliwa yuko hai na anapiga simu.

Sijui kama niko sahihi. Anayejua ni Doto, na sijaona popote kwenye barua mahali alipoulizwa. Wifi ameulizwa, mwalimu wa semina, bibi, baba, mimi wa mbali huku.

Tuje kwenye Januari.

Bweni silitupi. Kuna watoto wakimya wanaopenda ratiba ya kengele, na Doto angekuwa mahali ambapo hakuna anayemlinganisha na pacha wake. Lakini tazama hesabu: aliondolewa kwako akiwa na miaka miwili hivi, akaondolewa kwa bibi akiwa na 11, na hii itakuwa mara ya tatu ndani ya miezi tisa tangu ile ya pili. Wa kuzoea polepole ndiye tunayemhamisha kwa haraka kuliko wote. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba wanahitaji kuwa karibu na wazazi. Doto amepita mstari huo, kisheria hakuna neno. Lakini yeye miaka hiyo ya kuwa karibu na wewe hakuipata, na huenda ndiyo anaianza sasa. Na anaweza akaielewa safari hiyo kwa namna moja tu: sikuchangamka, nimefukuzwa.

Kumrudisha nako kuna uzuri wake na hatari yake. Angepumua. Ila ile nyumba aliyoiacha haipo tena; bibi yuko kwa kaka yako, kwa wifi mwingine, na mtoto wa miaka 11 anaweza akageuka kuwa mwuguzi wa bibi bila mtu kukusudia. Uliza pia, kwa upole, mke wa kaka yako anasemaje. Halafu macho yenyewe: je, mama amepelekwa kwa daktari wa macho? Mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji mfupi, na wazee wengi huona tena. Nashangaa kidogo kwamba kila mtu amepanga maisha ya Doto kuzunguka upofu ambao pengine si wa kudumu.

Kubaki naye ni njia inayoonekana rahisi, na ndiyo yenye mtego, kwa sababu mtu anaweza kukaa "hivihivi" mpaka darasa la saba akisubiri siku zifanye kazi yake. Ukichagua hii, kuna mambo ya kufanya kwa mikono. Likizo ya Desemba ni wiki chache zijazo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri feri. Doto anaweza kwenda wiki mbili na kurudi, na akajua kwamba kwenda kwa mmoja si kumpoteza mwingine. Bibi akipiga simu, mpe Doto simu wewe ukatoke nje. Kama anapenda kuamka alfajiri, amka naye siku moja moja, fageni wote, bila mazungumzo. Watoto wa namna hii huongea mikono ikiwa na kazi, mara chache huongea wakitazamwa usoni. Pale Mwaloni Jumamosi, je, huhitaji mtu makini wa kuandika daftari la mauzo?

Usimsahau Kulwa. Kwa miaka tisa alikuwa binti pekee wa nyumba. Amegawana kitanda, jina na mama, na kila mtu anamwambia "mchangamshe mwenzio". Huenda naye ana lake, ila kwa kuwa anaimba hakuna aliyemwuliza.

Kuna dalili ambazo ukiziona hatuongei tena habari za hulka: akiacha kula, akikosa usingizi wiki nzima, masomo yakianguka ghafla, akijiumiza au akizungumzia kufa, au akionyesha kumwogopa mtu fulani. Hapo nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uulize kitengo cha afya ya akili, au kamwone afisa ustawi wa jamii. Na siku moja, mkiwa wawili, mwulize bila kumbana kama kule au njiani kuna mtu aliwahi kumfanyia jambo baya. Sina sababu ya kudhani lipo. Ni swali ambalo mtoto mkimya anastahili kuulizwa na mama yake.

Kuhusu Baba Kulwa, sikwambii umpinge. Anamtakia mwanawe mema kwa njia anayoijua. Unaweza kumwomba mambo mawili tu kabla fomu haijarudi: kwamba Doto asomewe fomu hiyo na aulizwe, na kwamba kama si Januari hii, mlango wa shule hautafungwa milele, kidato cha kwanza kipo.

Kuna jambo la mwisho, na nimelisitasita. Umeumia kwamba Doto anakuita Mama Kulwa. Bibi alikuwa anakutaja hivyo mbele yake, bila shaka, na jirani zako wote hukuita hivyo. Lakini angalia mwisho wa barua yako, umejiandikaje. Sisemi ni kosa, Kulwa ndiye wa kwanza na desturi ndivyo ilivyo. Nasema tu kwamba mtoto anayetazama zaidi ya anavyoongea, huenda naye amelitazama hilo.

Uniandikie tena likizo ikiisha, kwa lolote mtakaloamua. Na kuna kitu hukukiandika ambacho nimebaki nakiwaza: ile kanga, ina maneno gani? Kama huyajui, mwombe Doto akusomee.